Kufunga shimo la moramu Dodoma: mwongozo kamili kuanzia tripu za mwisho

Siku msimamizi anapomwambia opareta wa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, "kula mpaka bikoni", yaani achimbe hadi kwenye alama ya mpaka, ndiyo siku shimo linapoharibika. Moramu, ule udongo wa changarawe wa ujenzi, bado ipo, malori bado yanapanga foleni, hakuna anayewaza habari za kufunga. Lakini ukuta umeshasimama wima juu ya mpaka wa jirani, na ile nafasi ambayo ingetumika kuulaza imeshaondoka kwa tripu. Miezi sita baadaye mitambo imehamia kazi nyingine. Kurudisha kijiko kije kusukuma udongo tu, kazi isiyoingiza hata shilingi, kunabaki ahadi ya mwezi ujao, kila mwezi.

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ardhi ya hapa imekuwa ikipanda malori. Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje ya kilometa 112.3, na nyumba za watu zisizo na idadi: vyote vinakula moramu, kokoto na mchanga. Sehemu kubwa ya moramu hutoka kwenye mashimo madogo ya hekta moja au mbili, kina cha mita nne hadi nane, yaliyochimbwa kwa kijiko kwenye mashamba ya kukodi. Nawaandikia wenye mashimo ya namna hiyo. Machimbo ya kokoto ya mwamba mgumu, yale ya baruti, yana mambo yake: ukuta wa jiwe haulazwi kwa ndoo ya kijiko.

Kwa ufupi, kijiko kinachochimba tripu za mwisho ndicho kinachotakiwa kuacha umbo la mwisho la shimo. Ukisubiri umalize kwanza ndipo upange, utalipa kazi hiyo hiyo mara nne. Hesabu yake iko hapo chini, nawe unaweza kuirudia kwa vipimo vya shimo lako.

Kwanza: kaa na mwenye ardhi, amueni shimo litakuwa nini

Usianze na mpima wala na mitambo. Anza chini ya mti, wewe, mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji, kabla hujachimba robo ya mwisho. Matumizi ya baadaye ndiyo yanayoamua uchimbe vipi sasa.

Kwa Dodoma naona chaguo tatu zenye maana. Malisho ndiyo rahisi kuliko yote, kwa kuwa nyasi za hapa zimezoea udongo mwembamba. Shamba linawezekana kama udongo wa juu ulitunzwa na sakafu ya shimo haituamishi maji. La tatu ni lambo la kunyweshea mifugo, ambalo wafugaji hulitaja kabla hujamaliza salamu. Lambo ni zuri, ila lina masharti yake na nitalirudia.

Viwanja vya kujenga sishauri. Udongo uliomwagwa shimoni bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka hukaa miaka ukishuka, na nyumba iliyo juu yake hupasuka kuanzia kona za madirisha. Dampo la taka likataeni kabisa hata likija na fedha. Moramu na changarawe ni chujio lenye matundu, kinachomwagwa juu kinaishia kwenye maji ya chini. Mji huu kwa miongo mingi umeishi kwa visima vya bonde la Makutupora, kwa hiyo maji ya chini kwetu ndiyo chakula cha akiba.

Mkishakubaliana, andikeni. Karatasi moja inatosha: mteremko wa kuta utakuwaje, udongo wa juu utarudi sentimeta ngapi, nani atafunga njia ya malori, nani atalinda mifugo isiingie na kwa misimu mingapi.

Nyaraka, kwa haraka

Moramu ni madini ya ujenzi. Iko chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na mchimbaji mdogo huichimba kwa leseni ndogo ya uchimbaji. Leseni hiyo ina mpango wake wa utunzaji wa mazingira. Utafute kwenye faili, uusome, maana wengi waliujaza siku ya kuomba leseni na hawajaufungua tena. Mabadiliko yoyote ya namna ya kufunga yajadili na Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini kabla hujayafanya. Kama shimo lilichimbwa kwa ajili ya mradi wa barabara, soma pia mkataba wa mradi. Mara nyingi una kifungu cha kurejesha mashimo ya moramu, na mwenye ardhi ana haki ya kukiuliza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hapa kwetu watu hujisahau kwa sababu mito yetu ni ya mchanga, mikavu miezi minane. Mto mkavu ni mto. Kama ardhi ni ya kijiji, serikali ya kijiji nayo ihusike kwa maandishi, siyo kwa simu ya mwenyekiti.

Pili: pima kilichobaki

Chimba mashimo ya majaribio kila mita 20 hadi 25 kwenye eneo ambalo halijaguswa. Katika kila shimo andika mambo matatu: unene wa udongo wa juu, unene wa kifusi kinachofuata, yaani udongo usiouzika ulio juu ya moramu, na unene wa moramu mpaka inapokwisha. Maeneo mengi ya Dodoma udongo wa juu ni sentimeta 10 hadi 20 tu. Ule wenye rangi iliyokoza kidogo na vijizizi ndio wenyewe.

Tuchukue shimo la mfano. Limebaki eneo la mita 30 kwa 80. Kina chote ni mita 6: sentimeta 20 za udongo wa juu, mita 2.3 za kifusi, mita 3.5 za moramu. Moramu iliyopo ni 30 × 80 × 3.5, yaani mita za ujazo 8,400. Ikichimbwa inafumuka kwa karibu asilimia 20, hivyo kwenye malori inakuwa kama 10,000. Kwa tipa la mita za ujazo 10, hizo ni tripu 1,000.

Msimamizi mwenye haraka huishia hapo na kuzipigia bei tripu 1,000. Usizipigie bei bado.

Tatu: chora mstari wa mwisho, kisha upake rangi

Ukuta wa udongo na moramu ulazwe mmoja kwa tatu: kila mita moja ya kushuka, mita tatu za kwenda mbele. Hapo ng'ombe anashuka bila kuteleza, mtoto anapanda mwenyewe, udongo wa juu unakaa, na mvua haiuchani sana. Mmoja kwa mbili unasimama, lakini nyasi zitapata shida kuushika kabla ya masika ya pili.

Sasa hesabu yenyewe. Ukuta wa mita 6 ukilazwa mmoja kwa tatu unahitaji mita 18 kwa ulalo. Kama umesimamisha uchimbaji mita 9 kabla ya mpaka, unakata nusu ya juu ya ukuta na kuiangusha chini iwe nusu ya pili ya mteremko. Kinachokatwa ni pembetatu ya mita 9 kwa mita 3, ambayo eneo lake ni 13.5. Kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta unasogeza mita za ujazo 13.5, na kijiko kinafanya hivyo kikiwa kimesimama hapo hapo. Ukuta wa mita 200 ni mita za ujazo 2,700.

Ukichimba mpaka bikoni, huna pa kukata. Mteremko wote lazima ujazwe kutoka chini: pembetatu ya mita 18 kwa mita 6, eneo lake 54. Kwa mita zile zile 200 ni mita za ujazo 10,800. Mara nne. Na udongo huo haupo pale, lazima uletwe kwa lori. Ukikadiria kwa tahadhari kwamba kijiko kinasogeza mita za ujazo 60 kwa saa, kazi ya kwanza ni saa 45. Ya pili ni saa 180 pamoja na tripu zaidi ya elfu moja za kuleta udongo wa kununua.

Kwa hiyo rudi kwenye eneo letu la mfano. Tuseme upande wake wa mita 80 unapakana na jirani. Toa ukanda wa mita 9 kutoka mpaka: 9 × 80 × 3.5 ni mita za ujazo 2,520 za moramu ambazo huzigusi kama bidhaa. Zinabaki 5,880, sawa na tripu 700 hivi. Zile tripu 300 ndizo gharama ya kufunga upande huo. Ni fedha nyingi, sikatai. Ila ni bora uzikose ukizijua kuliko kuja kuzilipa mara nne kwa dizeli.

Mstari huo uweke uonekane. Piga vigingi kila mita 10, paka chokaa au rangi nyekundu, mpeleke opareta akaukague kwa miguu. Opareta wengi ninaowajua ni waungwana. Wanapita mstari kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

Nne: kifusi kisafiri mara moja tu

Hapa ndipo kupanga kunapolipa. Katika shimo la mfano, ukishaacha ule ukanda wa mita 9, unabaki kufunua mita 21 kwa 80. Kifusi chake cha mita 2.3 ni kama mita za ujazo 3,860. Kawaida hurundikwa pembeni, kinakuwa kilima, na kilima hicho hubaki milele.

Badala yake, kabla hujafunua, zunguka shimo utafute kuta mbovu: zile zilizochimbwa zamani mpaka bikoni, ambazo haziwezi kukatwa. Kifusi kiende moja kwa moja kule, kimwagwe chini ya ukuta, kisukumwe. Kwa mita za ujazo 54 kwa kila mita ya ukuta, kifusi hicho kinatosha karibu mita 70 za ukuta mbovu. Kosa la zamani linarekebishwa na tripu za mwisho, na hujanunua udongo hata wa ndoo. Makapi ya chekeche, kama unachekecha, yaende huko huko.

Udongo wa juu ni habari nyingine, usichanganywe na kifusi hata kwa bahati mbaya. Ukibandua sentimeta 15 kwenye hekta moja unapata mita za ujazo 1,500. Zikichanganyika na kifusi hazirudi tena. Ubandue ukiwa mkavu. Kama kuna ukuta ulioshalazwa, upeleke pale siku hiyo hiyo, maana ndani yake mna mbegu, mizizi na vijidudu vinavyokufa vikikaa rundoni. Ikibidi urundikwe, rundo lisizidi mita mbili kwa kimo, lisikanyagwe na mitambo, na liwe mbali na njia ya maji. Weka na mtu wa kulilinda, kwa sababu wenye bustani za mjini wanalijua thamani yake kuliko wewe.

Tano: maji ya juu yasiingie

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia shimo upande wa Chamwino kwa niaba ya mkandarasi mmoja. Tulimaliza mwezi wa tisa, tukalaza kuta tatu vizuri. Ukuta wa juu, upande wa mteremko unakotoka maji, tuliuacha kwa muda. Mitambo ikaondoka. Juu yake kulikuwa na shamba la zabibu la mzee mmoja. Mvua kubwa ya kwanza ya Desemba ikashuka shambani, ikafika ukingoni, ikaanguka mita tano wima kama bomba. Maji yakianguka hivyo hula kitako cha ukuta, juu panabaki hewani, panaanguka, na mdomo wa korongo unarudi nyuma kuelekea yanakotoka maji. Mzee alinipigia asubuhi: "Mwanangu, hili korongo lenu linatembea usiku." Nikaenda. Nilikuwa nimepiga kigingi mita 10 kutoka ukingoni; nilikuta mita nne zimeondoka, na mstari wa kwanza wa mizabibu umening'inia kwa nyaya zake, mizizi nje. Mkandarasi alisema mkataba umekwisha. Mzee hakupata kitu, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Tufanye hesabu ya mvua ile. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Milimita 40 juu ya hekta tatu za shamba ni mita za ujazo 1,200. Nusu tu ikitiririka, mita za ujazo 600 zinapita ukingo mmoja kwa jioni moja. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, lakini mvua yetu haiji kwa upole. Inakuja kwa mikupuo, juu ya ardhi iliyokauka tangu Mei.

Dawa ni kinga maji upande wa juu, mita 5 hadi 10 kutoka mahali ambapo mteremko utaanzia. Mfereji wa sentimeta 50 hadi 60 kwenda chini, tuta la udongo wake upande wa shimo, na mteremko mdogo sana: nusu mita kwa kila mita 100, ili maji yatembee bila kukimbia. Kupima hilo huhitaji mashine. Fremu ya A inatosha: miti miwili ya mita mbili na nusu, papi ya kukatiza, kamba na jiwe, miguu ikiwa imeachana mita mbili. Au tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi. Kwa kushusha nusu mita kwa mita 100, kila hatua ya fremu ya mita mbili inashuka sentimeta moja; funga kipande cha mbao cha sentimeta moja chini ya mguu unaotangulia, jiwe likikaa katikati uko sahihi.

Maji hayo uyapeleke wapi? Swali hili lina majibu mawili tu yanayokubalika: penye majani mengi na mteremko mdogo, au kwenye mkondo wa asili kupitia njia iliyopangwa mawe. Shamba la jirani wa pili si jibu.

Mifereji yote iwe imekwisha kabla ya katikati ya Novemba. Ukichelewa kupanda miti utapoteza msimu. Ukichelewa kukinga maji utapoteza ukuta.

Sita: kulaza ukuta, kwa vitendo

Tengeneza kipimo cha mbao: pembetatu mraba yenye sentimeta 90 upande mmoja na 30 upande mwingine. Laza upande mrefu wa mshazari kwenye mteremko, weka pimamaji juu ya upande wa sentimeta 90. Povu likiwa katikati, mteremko ni mmoja kwa tatu. Kipimo hiki kikining'inia kwenye kibanda cha opareta, mabishano yanaisha.

Kijiko kianze juu, kikate kikirudi nyuma. Angalia nyufa za ukingoni kabla ya kupandisha mtambo. Ukiona ufa sambamba na ukuta, kaa nyuma yake kwa umbali unaolingana na kimo cha ukuta. Hakuna mtu chini ya ukuta wakati wa kukata, hata wa kuchukua simu yake. Angalia pia matundu: ndege aina ya keremkerem hutaga kwenye kuta wima za mchanga, na ukiwakuta wameshaanza, ruka sehemu hiyo uirudie wakishaondoka.

Jambo moja ambalo opareta wazuri hulikataa mwanzoni: usiulainishe mteremko. Mteremko uliopigwa pasi kwa mgongo wa ndoo unapendeza kwenye picha na unatiririsha maji kama bati. Uache na makunyanzi. Na kama una katapila, lipande na kushuka, lisitembee kwa kukatiza. Likipanda na kushuka, alama za cheni zinalala kwa kukatiza mteremko, kila alama inakuwa kibaraza kidogo kinachoshika maji, vumbi na mbegu. Likikatiza, alama zinasimama kutoka juu kwenda chini, na kila moja ni mfereji tayari. Nenda kaangalie mteremko wowote wa zamani, utazikuta zile alama zimeshakuwa makorongo madogo.

Saba: vunja sakafu

Sakafu ya shimo imekanyagwa na malori kwa miaka, ni ngumu kama barabara. Ukimwaga udongo wa juu hapo bila kuivunja, maji yatapita kati ya tabaka mbili na mizizi itageukia pembeni. Tumia meno ya nyuma ya katapila, sentimeta 50 kwenda chini, mistari ikiwa mita moja mbali, ikifuata usawa wa ardhi. Fanya Septemba au Oktoba, kukiwa kukavu kabisa: ardhi kavu inapasuka vipande, ardhi yenye unyevu inakatika tu kama sabuni na kufunga tena.

Baada ya hapo udongo wa juu usambazwe, kuanzia kwenye miteremko, maana ndiko unakohitajika zaidi. Usiushindilie. Kama hautoshi, usiupake mwembamba kila mahali. Weka sentimeta 15 kwenye mistari na mashimo ya kupandia, sehemu nyingine ziache.

Nane: kupanda

Mkoa huu una somo lake lenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye milima ya Kondoa Irangi iliyokuwa imekatwakatwa na makorongo. Matuta na miti vilisaidia, lakini nyasi na vichaka vilirudi hasa kwa sababu ardhi ilipumzishwa. Kwa shimo lako maana yake ni hii: uzio kwanza, mbegu baadaye. Uzio wa waya utaibwa. Minyaa iliyobanana na miiba iliyokatwa vinatosha, pamoja na sheria ndogo ya kijiji inayotajwa mkutanoni kwa majina ya adhabu zake.

Kwenye sakafu, kama inakuwa shamba, chimba mashimo ya Chololo. Yamepewa jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma: upana kama sentimeta 22, kina 30, sentimeta 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mstari na mstari, mistari ikifuata usawa. Hekta moja inabeba zaidi ya 18,000, kwa hiyo usijidanganye kuwa ni kazi ya wikendi. Weka samadi ndani ya shimo, usiitawanye juu. Zizi lolote la Ugogoni lina samadi ya kutosha, na mara nyingi bei yake ni usafiri tu. Panda uwele au mtama. Mwaka wa kwanza usitarajie gunia. Unatafuta mizizi na mabua ya kuoza.

Kwenye miteremko tangulia na nyasi na mbaazi. Mbaazi zinashika udongo, zinarutubisha, na watu wakivuna watalinda eneo bila kuajiriwa. Miti iwe ya hapa: migunga, mikwaju, mibuyu michache kwa ajili ya wajukuu. Mwarobaini unapendwa kwa sababu mbuzi hawaupendi sana, nami naupanda kwenye mpaka, lakini shimo zima la mwarobaini mtupu silipendi. Shimo la mti liwe sentimeta 60 kila upande, debe moja la samadi, na kisahani cha nusu mwezi upande wa chini ili kukusanya maji. Visiki vilivyo hai pembezoni usiving'oe. Chagua machipukizi mawili matatu, pogoa mengine. Vitakuwa miti kabla ya miche yako.

Mvua ya kwanza ya Novemba isikudanganye. Chimba kwa mkono: unyevu ukifika sentimeta 30, panda. Mara nyingi hiyo ni katikati ya Desemba. Kuna kile kiangazi kifupi cha mwishoni mwa Januari na Februari. Miche iliyopandwa baada ya mwaka mpya hukutana nacho ikiwa bado na mizizi ya kwenye kiriba.

Kama mmechagua lambo

Jua kali la hapa huvukiza zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka. Lambo la kina cha mita mbili ni la kuonyesha wageni mwezi wa nne. Ifikapo Septemba ni matope. Liwe na mita tatu na nusu au nne upande mmoja, na eneo dogo la uso. Chimba upande huo zaidi katika tripu za mwisho, hiyo moramu ya chini ndiyo inayolipia kazi.

Moramu haishiki maji. Leta udongo mweusi wa mbuga, uweke tabaka mbili za sentimeta 15, kila moja ikishindiliwa ikiwa na unyevu, na usiache ikakauka ikapasuka kabla ya mvua. Njia ya ng'ombe iwe upande mmoja, mteremko wa mmoja kwa nne, imemwagiwa changarawe. Pande nyingine zizungushiwe miiba. Pawe na njia ya maji ya ziada iliyopangwa mawe. Maji yaingie kupitia kidimbwi kidogo cha kutuliza matope, la sivyo lambo litajaa udongo misimu michache. Ofisi ya maji ya bonde lenu ishirikishwe kabla. Na watoto: mita nne za maji mahali ambapo watu wengi hawajui kuogelea si jambo la kuwekea kibao tu. Mteremko wa mmoja kwa tatu uendelee chini ya maji pande zote nyingine.

Makabidhiano

Funga njia ya malori kwa mawe makubwa na mtaro, maana shimo lenye njia nzuri huendelea kuchimbwa usiku na watu usiowajua, au hupokea taka. Piga picha kutoka sehemu nne zilizowekwa alama, uzipige tena kila Mei na kila Novemba kutoka pale pale. Mwite mwenye ardhi, mwenyekiti na jirani wa upande wa juu mtembee pamoja mpaka wote. Jirani wa juu mara nyingi husahaulika, na ndiye wa kwanza kuumia. Andikeni yaliyobaki na tarehe ya kuyamaliza, na sehemu ya mwisho ya kodi ilipwe siku hiyo, siyo kabla.

Kisha weka vigingi vya chuma, vitatu vitatu, juu ya kila sehemu ambayo maji yanaweza kupita: mita 2, mita 5 na mita 10 kutoka juu ya mteremko. Baada ya kila mvua inayozidi milimita 30 mtu aende kuvitazama. Kopo lililonyooka pembeni, lenye mdomo na kitako sawa, na rula ya shule ndani yake, ni kipima mvua cha kutosha. Kigingi cha mita 2 kikiinama, gunia nne za mawe na vijana wawili wanamaliza kazi mchana mmoja. Kigingi cha mita 5 kikianguka, ita kijiko.